Kompyuta za madrasa na programu za wizi: Udhuru umeondoka

  

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hawalihesabu kuwa miongoni mwa mambo ya dini. Nalo ni programu zinazoendesha kompyuta za misikiti, madrasa na taasisi zetu.

Misikiti na madrasa nyingi za mijini sasa zina kompyuta. Ndani yake huchapwa mitihani na shahada za wanafunzi, huandikwa majina ya mayatima na wajane wanaostahiki zaka, na huhifadhiwa hesabu za michango ya waumini. Ukimuuliza msimamizi mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo umetoka wapi, mara nyingi atakujibu kuwa aliuweka fundi wa mtaani kwa malipo madogo. Mfumo huo ni mali ya kampuni inayouuza kwa leseni, na nakala aliyoiweka fundi ni ile iliyovunjwa kufuli, ambayo mafundi wetu huiita ya kukraki. Kwa lugha ya wazi ni nakala ya wizi, na juu ya nakala hiyo tunawafundisha watoto wetu Qur'ani na adabu.

Je, sheria yetu inasema nini? Na kama kuna njia ya halali, je, tunaifahamu na tuko tayari kuitunza?

HUKUMU YA NAKALA ZA WIZI

Mwenyezi Mungu (SW) katika Suratun Nisaa, aya ya 29, amewakataza waumini kuliana mali zao kwa batili, na akabakisha biashara ya kuridhiana. Katika aya ya kwanza ya Suratul Maida ametuamrisha kutekeleza mikataba. Husema baadhi ya ndugu zetu kuwa programu si mali kwa sababu haishikiki, na kwamba anayeinakili hampunguzii mwenyewe kitu. Hoja hiyo ilijibiwa zamani. Desemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana nchini Kuwait, lilipitisha azimio namba 43 kuhusu haki za kimaanawi. Azimio hilo lilieleza kwamba jina la biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki zenye thamani ya kimali, kwamba zinalindwa na sharia, na kwamba haijuzu kuzivamia. Sheria ya nchi yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo ina ulinzi wake kwa kazi za namna hiyo.

Ni kweli kuwa wapo wanazuoni wa zama hizi waliolegeza kamba kwa mtu mwenye haja asiye na uwezo, anayenakili kwa ajili ya matumizi yake mwenyewe wala hafanyi biashara. Hatuwadharau wanazuoni hao, wala hatuna haja ya kubishana nao, kwa sababu rukhsa yao imesimama juu ya udhuru. Na katika kanuni za fiqhi zinazofundishwa hata katika vitabu vifupi, lililoruhusiwa kwa ajili ya udhuru huondoka udhuru huo unapoondoka. Aliyetayamamu kwa kukosa maji, akayapata kabla hajasali, hana tena tayamamu.

Basi suala letu la leo ni hili: je, maji yamepatikana? Jibu letu ni kwamba yamepatikana zamani.

MAJI YALIYOPATIKANA

Mwezi Septemba 1983, mtaalamu wa Marekani, Richard Stallman, alitangaza nia ya kuandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia. Aliuita GNU. Mwaka 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo alichokiandika mwenyewe, kikaitwa Linux. Vitu hivyo viwili vilipokutana ukapatikana mfumo kamili. Agosti 1993, Ian Murdock alianzisha mradi wa Debian ili watu wa kujitolea waukusanye mfumo huo, waukague na kuugawa ukiwa umekamilika. Kutoka Debian ikazaliwa Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa gharama za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni la lugha za Kibantu za kusini, ndugu wa neno letu la utu.

Debian inaendelea hadi leo. Toleo la 13, lililotolewa tarehe 9 Agosti 2025, lina zaidi ya vifurushi 69,000 vya programu. Humo imo LibreOffice ya kuandikia barua na kutengenezea hesabu, na zimo programu za kuvinjari intaneti, kuchora na kufundishia watoto. Imo pia herufi ya Kiarabu iitwayo Amiri, iliyochorwa na Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata maandishi ya matbaa ya Bulaq ya Cairo ya mwanzoni mwa karne ya 20. Mwalimu wa madrasa anayetaka kuchapa aya zenye irabu zake kamili hatahitaji kuiba herufi ya mtu.

Hapa inafaa tutofautishe maneno mawili. Kiingereza kina neno moja kwa maana ya kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa, na watu wake wamejadiliana miaka mingi kuondoa utata huo. Kiswahili kimetupa bure na huru. Zipo programu nyingi za bure ambazo si huru: unapewa leo, kesho zinafungwa, na ndani yake hujui kilichowekwa. Programu huru ni ile ambayo mwenye kuiandika amekupa ruhusa nne kwa maandishi: kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma ilivyoandikwa, kuigawa kwa wengine, na kuirekebisha kisha kuyagawa marekebisho yako. Anayemnakilia jirani yake Debian hakuvunja mkataba, bali ametumia ruhusa aliyopewa.

Wapo watakaouliza iwapo inafaa kutegemea kazi ya watu ambao wengi wao si Waislamu. Tunawakumbusha kuwa Mtume (SAW) na Abubakar (RA), katika safari ya Hijra, walimwajiri mwongoza njia ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, wakamwamini ngamia wao na roho zao. Kilichozingatiwa ni ujuzi na uaminifu.

KISIMA CHA RUMA

Wamepokea Tirmidhi na Nasai kisa cha kisima cha Ruma. Waislamu walipofika Madina walikuta maji matamu ni machache, na kisima hicho hakikuwa cha wote. Mtume (SAW) akahimiza apatikane mtu wa kukinunua, kisha ndoo yake humo iwe sawa na ndoo za Waislamu wengine, na malipo yake yawe kilicho bora zaidi Peponi. Uthman bin Affan (RA) akakinunua kwa mali yake mwenyewe na kukitoa.

Tulitafakari sharti lile la ndoo. Uthman hakuambiwa achimbe kisima kisha awe mtoaji na wengine wawe waombaji. Aliambiwa haki yake katika maji iwe sawa na haki ya wengine. Leseni za programu huru zimejengwa juu ya maana iliyo karibu na hiyo. Aliyeandika na aliyepokea wana haki moja ya kutumia na kugawa. Leseni mashuhuri ya GNU inaongeza kuwa ukiirekebisha kazi hiyo na kuigawa, huna ruhusa ya kuwafungia wengine mlango uliofunguliwa wewe. Kwa mujibu wa Hadithi, Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali, na sharti hili ni jema.

Hatusemi kuwa programu huru ni wakfu kwa maana kamili ya kifiqhi. Katika wakfu, kwa kauli ya wengi, milki humtoka mtoaji. Hapa mwandishi hubaki na hakimiliki yake, na ni kwa hakimiliki hiyo ndipo anapoilinda ruhusa aliyoitoa. Tunachosema ni kuwa hali zake zinafanana na za wakfu. Mojawapo ni hii: kisima kilichotolewa bure bado kinahitaji kamba, ndoo na mtu wa kutoa tope. Wengi walioujaribu mfumo huru wakaurudisha, waliuchukulia kama zawadi isiyodai kitu. Kwa hiyo sehemu iliyobaki ya makala yetu tunaiweka katika kuusimika na kuutunza.

KABLA YA KUUSIMIKA

Jambo la kwanza ni kuhifadhi amana. Aya ya 58 ya Suratun Nisaa inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe, na orodha ya mayatima ni amana. Zitolewe nakala mbili za kila faili lenye umuhimu, katika vifaa viwili tofauti, na kimoja kisilale katika jengo hilo. Kisha zifunguliwe katika kompyuta nyingine kuhakikisha kuwa zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijathibiti kuwa nakala.

Jambo la pili ni kuorodhesha kazi zinazofanywa na kompyuta hiyo. Kuandika, kuchapa, kutunza hesabu na kusikiliza visomo havina tatizo. Lakini huenda ipo programu moja ya uhasibu isiyokubali mfumo mwingine. Taasisi yenye haja hiyo inunue leseni ya halali kwa kompyuta moja, na zilizobaki ziwekewe mfumo huru. Kuacha haramu hakumaanishi kusimamisha kazi.

Jambo la tatu ni kuikagua mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inadai prosesa za miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, hivyo kompyuta nyingi zilizotumika, ambazo ndizo tunazoletewa kama msaada, zikabaki nje ya mlango huku zikiwa nzima. Debian, ikiwekewa mandhari nyepesi kama Xfce, hufanya kazi za ofisi kwa kumbukumbu ya muda, ile mafundi waiitayo ramu, ya gigabaiti 2, na kwa gigabaiti 4 hufanya vizuri zaidi. Ila mashine kongwe za biti 32 haziwezi tena kusimikiwa toleo la 13, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kumaliza bando.

KUHAKIKI NA KUSIMIKA

Mfumo upakuliwe katika anwani rasmi ya mradi wenyewe, usipokewe kwenye flashi ya mtu asiyejulikana. Baada ya kupakuliwa, uhakikiwe. Pamoja na faili la mfumo, mradi hutoa alama ya uhakiki yenye herufi na tarakimu 64. Kompyuta yako ikilikokotoa faili ulilonalo na kutoa alama ileile, basi halikuharibika njiani. Ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, faili hilo litupwe. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat imetufundisha kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga.

Waliosoma elimu ya Hadithi watalifurahia jambo moja. Orodha ya alama hizo nayo hutiwa saini ya siri ya watu wa Debian. Na ili saini ya mwanachama mpya iaminiwe, desturi ya mradi huo ni kuwa wanachama hukutana uso kwa uso, hutazamana vitambulisho, kisha mmoja huishuhudia saini ya mwenziwe. Huo ni mnyororo wa watu waliokutana, kila mmoja akimshuhudia aliye kabla yake. Sisi ni umma wa sanad, na haifai tuwe wa mwisho kuuliza: umeipokea kutoka kwa nani?

Faili likishahakikiwa, huandikwa kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu maalumu. Kila kilichokuwamo kwenye flashi hiyo kitafutika. Kompyuta huzimwa, flashi huchomekwa, kisha huwashwa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Katika mashine nyingi ni F12, F9 au Esc. Chagua diski ya majaribio, ambayo huuwasha mfumo ukiwa kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya kompyuta. Usiharakishe hapo. Jaribu printa, sauti na intaneti isiyo na waya. Zamani kifaa cha intaneti kiliwasumbua wengi kwa kuwa programu yake haikuwemo katika diski rasmi. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023 Debian imeziingiza programu za namna hiyo, na tatizo limepungua sana.

Yakikamilika majaribio, usimikaji wenyewe ni maswali machache: lugha, saa za eneo, jina la mtumiaji, neno la siri na mgawanyo wa diski. Swali la diski ndilo linalotaka utulivu, kwani ukichagua kutumia diski nzima, kila kilichokuwemo kimekwenda. Kompyuta ya kubebeka inayohifadhi majina ya wanaopewa zaka ifungwe kwa usimbaji wakati huohuo wa kusimika, ili ikiibwa, aibu za watu zisisambae mitaani. Neno la siri la usimamizi wapewe watu wawili waaminifu. Wanafunzi na walimu wafunguliwe akaunti za kawaida, zisizoweza kuondoa wala kuongeza programu.

KUTUNZA NDIYO KAZI

Ndugu msomaji, kusimika ni kazi ya asubuhi moja. Kutunza ni kazi ya miaka, na hapo ndipo taasisi zetu nyingi hushindwa, si katika kompyuta tu bali hata katika majengo na visima vya kweli.

Kila mfumo hugunduliwa nyufa. Katika Debian, ufa ukigunduliwa, kundi la usalama huandaa kiraka na kukituma kwa wote. Msimamizi huandika amri mbili, «sudo apt update» ya kuuliza kama kuna jipya, na «sudo apt upgrade» ya kulipokea. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Iwekwe siku moja katika juma, tuseme Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, na lifanyike kila juma, isipokuwa mkesha wa kuchapa mitihani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mara nyingi amri ya «sudo dpkg --configure -a» huikamilisha iliyoachwa nusu, nayo iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani.

Wenye kompyuta nyingi wasinunue bando kwa kila moja. Iko programu ndogo iitwayo apt-cacher-ng, ambayo huifanya mashine moja ihifadhi kila kilichopakuliwa na kuwagawia wenzake. Kumi hunywa kwa gharama ya mmoja.

Tena tusiongeze programu kutoka kila kona. Vilivyomo katika hazina ya Debian vina watu wanaovisimamia na kuvijibia maswali. Kilichookotwa nje hakina mdhamini. Na tujue umri wa kila toleo: Debian hulitunza toleo kwa takriban miaka mitatu, kisha kundi jingine huendelea nalo hadi mwaka wa tano. Kabla muda huo haujaisha tuhamie toleo linalofuata, hatua moja baada ya nyingine, kwa kuwa kuruka toleo zima hakukubaliki.

Mwisho katika mlango huu ni malipo ya fundi. Umar bin Khattab (RA) alipoitoa wakfu ardhi yake ya Khaybar, alishurutisha kuwa hapana ubaya kwa msimamizi wake kula humo kwa wema, bila kujilimbikizia. Kisa hicho kimo katika Bukhari na Muslim. Basi mfumo ni wa bure, lakini jasho la kijana anayekuja kila Alhamisi si la bure. Fedha ambazo tungelipa leseni, sehemu yake tumlipe yeye na tumsomeshe. Naye aandike kila alilolifanya katika daftari, pamoja na tarehe, na awe na msaidizi anayejifunza kwake. Kompyuta inayojulikana na mtu mmoja hufa siku mtu huyo anapohama.

MAFUNZO MAWILI

Haya hatuyasemi kwa kukisia. Mwaka 2007 baadhi ya vijana wa Kiislamu walianzisha mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu, ukajulikana kwa jina la Sabily. Ulikuja na programu za kusomea Qur'ani na za kukumbusha nyakati za sala, na matoleo yake yakapewa majina kama Badr na Uhud. Waislamu wengi waliufurahia. Toleo lake la mwisho lilijengwa juu ya Ubuntu ya Oktoba 2011, na baada ya hapo kazi ikasimama. Tunawaombea heri walioianzisha, kwani walifanya jambo jema. Lakini tujiulize: katika umma wa watu zaidi ya bilioni moja, walikosekana kumi wa kupokezana kazi ile? Kidole kimoja hakivunji chawa, wala jina zuri la Kiislamu haliuzibi ufa usio na mzibaji. Kwa sababu hiyo hatumshauri mtu atafute mfumo wenye nembo ya dini. Achague ulio na watunzaji wengi, kisha programu za ibada aziongeze mwenyewe.

Funzo la pili ni la mwaka 2024. Ipo programu ndogo iitwayo xz, kazi yake ni kubana mafaili, na imo katika mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, Lasse Collin, bila mshahara. Alipoelemewa, yakamfikia malalamiko kuwa anachelewa. Akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kisha akaficha ndani yake mlango wa nyuma wa kuingilia kompyuta za watu. Tarehe 29 Machi 2024, mtaalamu Andres Freund, aliyeona kuwa kuingia katika kompyuta yake kumechelewa kwa takriban nusu sekunde na akakataa kulipuuza hilo, alitangaza aliyoyagundua. Ubaya huo ulikuwa umefika katika matoleo ya majaribio ya Debian. Haukufika katika toleo tulivu.

Wapo watakaosema: kumbe huru nao una hatari. Naam, una hatari, kama ulivyo na hatari mfumo uliofungwa. Tofauti ni kuwa hapa ukuta ulikuwa wazi kuchunguzwa, na mchunguzaji hakuhitaji ruhusa ya mtu. Lakini tazameni pia mlango aliopitia mwovu. Ulikuwa ni uchovu wa mtunzaji mmoja aliyeachwa peke yake, huku wanywaji wote wakipiga kelele kuwa ndoo inachelewa.

NASI TUTIE NINI KISIMANI?

Hapa ndipo tunapotaka nafsi zetu zijihesabu. Aya ya 2 ya Suratul Maida inatuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu. Umma unaokunywa miaka yote bila kushika kamba hata siku moja haujaifanyia kazi aya hiyo.

Si lazima mtu awe mwandishi wa programu. Anayekutana na kasoro aieleze kwa ukamilifu kwa wanaohusika: alifanya nini, alitarajia nini na kilitokea nini. Maelezo hayo ni msaada. Mwenye lugha atoe lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zikiitwa Jambo OpenOffice, kupitia mradi wa Kilinux. Ulikuwa mwanzo wa heshima. Hata hivyo kijana wa madrasa anayefungua mfumo huru bado hukutana na Kiingereza katika sehemu nyingi. Walimu wetu wa Kiswahili na Kiarabu, ambao wametafsiri vitabu vizito, hawashindwi kutafsiri maneno ya menyu. Na mwenye fedha atoe, kwani miradi hii hupokea michango.

Mtume (SAW) ametufahamisha kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Kijana aliyefundishwa kuitunza kompyuta kwa njia ya halali, naye akawafundisha wengine, huenda akawa katika mbili za mwanzo, kwa nia njema na rehema za Mola wake.

Tunawausia maimamu, kamati za misikiti na wakuu wa madrasa waanze na kompyuta moja tu, ile iliyo kuukuu zaidi. Waitolee nakala, waisimike, waipe mtunzaji, wamwekee siku yake na ujira wake. Miezi mitatu ikipita salama, wahamie ya pili. Na wasimamizi watakaosema kuwa hawana uwezo wa kununua leseni tutawaamini. Lakini wakitumia neno hilo kuendelea na nakala ya wizi, wajue kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu wataulizwa kuhusu maji yaliyokuwa mlangoni kwao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, elimu yenye manufaa na uaminifu katika amana tulizobebeshwa. Amin. Wallahu aalam.

Wabillahi tawfiq.